Samaki wa Mti Mwenye Viungo

Msomaji wa mlimani akikiona kichwa cha habari hizi huenda akauliza, "Mchagga na samaki wana ujamaa gani?" Swali lake ni la haki. Babu zetu waliokaa katika vihamba vya Kilimanjaro walikula ndizi, maharage, maziwa na nyama, nao wengi wao hawakuwa na desturi ya kula samaki. Mito yao waliijua sana, walakini waliijua kwa ajili ya mifongo, yaani mifereji ya kunyweshea mashamba, wala si kwa ajili ya kuvua. Lakini mambo yamegeuka. Nenda leo katika masoko ya Moshi, utawaona perege na kambare waliotoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na dagaa waliotoka maziwa ya mbali, na akina mama wa mlimani wakinunua pasipo kusita. Samaki amepanda mlima. Basi imetupasa sisi tukaao juu kujua habari zake na habari za ufundi wa kumvua, maana maji mengi anamoishi ni maji yashukayo kutoka kwetu.

Katika habari hizi twataka kueleza historia ya ufundi mmoja tu, nao ni kuchonga samaki wa mti, kumkata vipande, kuviunga tena kwa waya ili apindepinde majini kama aliye hai, na kumtumia kuwa chambo. Kwa macho ya haraka ni mchezo wa watoto. Walakini ndani yake mna elimu kubwa, na tena mna shauri litufaalo katika taabu iliyoyapata maji yetu siku hizi.

Ndoana ni chombo cha kale sana. Nabii Amosi aliitaja, na katika kitabu cha Ayubu imetajwa pia. Bwana wetu alipotaka kulipa kodi ya hekalu hakumwagiza Petro kuchukua wavu, bali ndoana, akamvue samaki mmoja. Lakini ndoana tupu haivui kitu, yataka chambo. Na chambo cha kweli, kama mnyoo, dagaa au kipande cha ngisi, kina taabu zake. Huoza upesi, huliwa na samaki wadogo kabla mkubwa hajafika, na kila siku hapana budi kutafuta kingine. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi, pasipo kujuana, walifikiri neno lile lile moja: kufanya kitu kisicho chakula, nacho kifanane na chakula.

Habari ya zamani tuliyo nayo juu ya jambo hili yatoka Makedonia, nchi ile ambayo Mtume Paulo aliitwa katika maono aende akaisaidie. Mwandishi mmoja aitwaye Aelian, aliyeishi yapata mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaandika wavuvi wa mto mmoja wa huko. Waliona samaki wakiruka na kumdaka mdudu fulani arukaye juu ya maji. Wakataka kumtumia mdudu yule kuwa chambo, lakini kila waliposhika mmoja kwa mkono, rangi yake iliharibika na samaki wakamkataa. Ndipo walipofunga sufu nyekundu juu ya ndoana, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo, samaki wakadanganyika. Angalia vema mpango wa kazi yao: kwanza walitazama, kisha walijaribu, wakashindwa, wakatazama tena, na mwisho wakatengeneza. Kila atakayetajwa katika habari hizi aliifuata njia hiyo.

Katika nchi za barafu upande wa kaskazini ya dunia, watu walichonga samaki wadogo kwa mifupa na pembe, wakawashusha kwa uzi katika tundu la barafu na kuwatikisatikisa. Na katika pwani yetu wavuvi Waswahili wanajua tangu zamani kazi ya kurambaza, yaani kuuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda kwa tanga. Mvuvi wa pwani ajua kwamba nguru na kolekole huamshwa na kitu kinachokimbia. Kitu kilichotulia samaki mla nyama hukipita. Kikimbiacho hukifuata, kama vile paka asiyejali uzi uliolala chini mpaka mtoto auvute.

Mnamo karne ya 19 mambo ya chambo cha bandia yaliendelea sana Marekani. Mwaka 1852 mtu mmoja aitwaye Julio Buel alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa chambo cha madini chenye umbo la kijiko. Husimuliwa kwamba alikuwa katika mashua akila chakula, kijiko kikamponyoka, na kilipokuwa kikizama huku kikimetameta akamwona samaki mkubwa akikidaka. Karibu na mwisho wa karne ile mfuga nyuki mmoja, James Heddon wa mji wa Dowagiac, alianza kuchonga vyambo vya mti. Husimuliwa kwamba alikuwa akimngojea rafiki kando ya maji, huku akichonga kijiti kwa kisu ili kupitisha wakati. Alipokitupa majini samaki akakirukia. Hatuna sababu ya kuapa kwamba hadithi hizi mbili zilikuwa hivyo hasa. Lakini zote zafundisha kwamba samaki ndiye aliyekuwa mwalimu, na mtu alikuwa mwanafunzi aliyekuwa macho.

Vyambo vya kwanza vya mti vilikuwa kipande kimoja kigumu. Vilitikisika, lakini havikupinda. Sasa mtazame samaki aliye hai katika maji maangavu. Kichwa chake chaenda karibu sawasawa, na mwili wapinda kwa wimbi lizidilo kadiri liendavyo nyuma, hata mkia unapiga huku na huku. Mti mmoja hauwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 mafundi wa Marekani walianza kuukata mwili wa chambo vipande viwili, wakaviunga kwa pete za chuma kama bawaba ya mlango. Baadaye vikawa vitatu, na leo wako wafanyao vinne na zaidi.

Faida yake haikuwa kwa macho peke yake. Mungu amempa samaki mstari wa matundu madogo ubavuni, tangu kichwani hata mkiani, ambao kwa huo huusikia mwendo wa maji. Usiku wa giza, au maji yakiwa na matope hata asione mbele yake, bado huusikia mkupuo wa mkia wa mwenziwe. Chambo chenye viungo huyasukuma maji kama samaki wa kweli, na vipande vyake hugongana kwa sauti ndogo. Kwa hiyo huita hata pasipo kuonekana.

Siku ya 2 Juni 1932 kijana mkulima katika jimbo la Georgia, jina lake George Perry, alikwenda kuvua na rafiki yake katika ziwa dogo liitwalo Montgomery. Miaka ile ilikuwa ya dhiki kuu ya fedha, na mvua ilikuwa imelowesha shamba hata wasiweze kulima. Wawili wale walikuwa na ufito mmoja wa kuvulia na chambo kimoja cha mti. Perry alipata samaki wa aina iitwayo basi mwenye uzani wa karibu kilo 10, ambaye kwa miaka mingi hakuonekana aliyempita wa aina ile popote duniani. Akampima, akampeleka nyumbani, na jamaa zake wakamla. Hakuwa mwindaji wa sifa. Alikuwa akitafuta mboga.

Miaka minne baadaye, katika nchi ya Ufini, alitokea mwingine mfano wake. Lauri Rapala, aliyezaliwa mwaka 1905, alikuwa mvuvi maskini kando ya ziwa Päijänne, mwenye watoto wa kulisha. Kila siku ilimpasa kutafuta samaki wadogo wa chambo na kuwatia katika ndoana nyingi za mishipi yake mirefu. Akipiga makasia aliyatazama maji, akagundua jambo moja. Samaki mkubwa alipoliona kundi la wadogo wakiogelea, hakumrukia yeyote tu. Alimchagua yule aendaye upande, aliyejeruhiwa, ayumbaye kidogo. Mwaka 1936 Rapala alichukua gome jepesi la kizibo, akalichonga kwa kisu cha mshona viatu, akalifunika kwa karatasi ya fedha iliyofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na rangi ya kuzuia maji aliyeyusha filamu za picha zilizotumika, akapaka. Chambo chake kiliyumba kama samaki mgonjwa. Kikavua, jirani wakakitaka, na kazi ile ya jikoni ikawa kiwanda kijulikanacho dunia nzima, kifanyacho vyambo vya kipande kimoja na vya viungo pia. Mwenyewe alifariki mwaka 1974.

Twaona basi kwamba kisu, takataka za dukani na macho yenye subira vilitosha. Na ufundi huu haukuishia hapo. Kuanzia miaka ya 1980 huko California wavuvi walichonga kwa mikono samaki wa mti warefu wenye viungo, mfano wa trauti, kwa sababu serikali ilikuwa ikitia trauti katika mabwawa yao, na samaki wakubwa wakawazoea kwa chakula. Mafundi wa Japani nao wamezidi kuuendeleza.

Trauti huyo ametufikia hata sisi. Wazungu walimleta Afrika Mashariki kwa ajili ya mito ya baridi ya milimani. Mwaka 1905 aliwekwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua nchini Kenya, na baadaye katika mito ya Kilimanjaro pia. Na huko Kenya wenyeji wengi wamejifunza kufunga wadudu wa bandia kwa manyoya na nyuzi, jamaa ya wale wa Makedonia, nao wanauzwa Ulaya na Marekani. Basi asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya mataifa ya mbali tu. Vidole vya Mwafrika vimekwisha kuonyesha kwamba vyaiweza.

Sasa tueleze kwa ufupi jinsi ya kumtengeneza samaki wa mti, maana historia ya ufundi pasipo ufundi wenyewe ni kama picha ya chakula.

Chagua mti mwepesi usiopasuka ovyo. Huku kwetu mringaringa wafaa, ambao wazee huchongea mizinga ya nyuki. Chukua kipande kikavu chenye urefu wa sentimeta 15 hivi, uchore ubavuni umbo la samaki mdogo umjuaye, kisha uchonge na kulainisha kwa msasa. Kata kwa msumeno vipande vitatu. Kichwa kiwe kirefu kuliko vingine, kwa maana tumesema kwamba kichwa hutikisika kidogo na mkia sana. Nyuso zinazokabiliana zichongwe pande zote mbili kama kabari, ili pawe na nafasi ya kugeuka. Nafasi ikiwa nyembamba mno, samaki wako atakuwa mgumu kama gogo. Ikiwa pana mno, atalegea na kukunjika.

Viungo vyenyewe ni pete za waya mgumu zilizopandwa ndani ya mti kwa gundi. Pete za kipande kimoja ziingie katika mfereji wa kipande cha pili, kisha upitishe kutoka juu hata chini kipande cha spoki ya baiskeli, kama msumari wa bawaba. Kwa njia hiyo mwili utapinda kushoto na kulia, wala hautainama juu na chini. Paka vanishi mara kadhaa, hata ndani ya mifereji, kwa sababu mti unyweao maji huvimba, na viungo vikavimba hukwama.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni uzani. Toboa matundu madogo tumboni, utie risasi kidogo kidogo, na kila mara umweke samaki katika beseni la maji. Risasi ikiwa chache, atalala ubavu. Ikizidi, atazama na kupoteza mwendo wake. Ikikaa chini kabisa ya tumbo atasimama wima. Utakaporidhika ndipo uzibe matundu. Mwisho tia ulimi wa bati chini ya kidevu. Ulimi uliosimama humfanya atikisike sana karibu na uso wa maji. Ulimi ulionyoshwa mbele humpeleka chini. Ndoana zifungwe katika waya imara uliopita ndani ya mwili, ili mti ukipasuka samaki asiende na mali yako.

Mtu asitumaini kwamba chambo hiki kitamvua kila samaki. Perege hula zaidi mimea midogo na vitu vidogo vya majini, naye hana haja na samaki wa mti. Kambare ni mla nyama, naye hutafuta chakula hata usiku na katika matope. Kwa huyo viungo vyaweza kufaa. Trauti wa mito ya baridi humfukuza samaki mdogo. Sangara wa ziwa Viktoria, aliyeletwa huko katika miaka ya 1950, hukidaka chambo cha mti kwa nguvu nyingi. Kila samaki ana tabia yake, na mchongaji asiyeijua anachonga kijiti tu.

Hapa ndipo tunapofikia neno lililotufanya tushike kalamu. Huko mashariki ya mlima, penye mpaka wa Tanzania na Kenya, liko ziwa Chala, lililomo ndani ya kreta ya zamani, na maji yake hupenya chini ya ardhi kutoka mlimani. Mwaka 1889 mtaalamu Albert Günther, katika nyumba ya makumbusho ya London, alichunguza perege waliotoka huko. Aliona kwamba ni aina isiyopata kuandikwa, akaiita jamaa yao *Oreochromis*, na mwanzo wa jina hilo ni neno la Kigiriki maana yake mlima. Jina hili sasa ni la jamaa kubwa ya perege wafugwao katika mabwawa ya dunia nzima, tangu Misri hata China. Wote hao wana jina la mlima kwa sababu wa kwanza kupewa jina alitoka Kilimanjaro kwetu. Naye perege huyo wa Chala, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote, leo ametiwa katika hesabu ya viumbe walio karibu kabisa na kutoweka, na mojawapo ya sababu ni samaki wa kigeni waliotiwa na watu katika ziwa lake.

Upande wa kusini liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililomalizika mwaka 1965 mahali yanapokutana maji ya Kikuletwa na Ruvu. Miaka michache ya kwanza samaki walivuliwa wengi mno, na watu wakaja kutoka mbali wakajenga vijiji. Kisha wakapungua. Nyavu zenye matundu madogo, hata vyandarua vya mbu, ziliwachukua watoto pamoja na wazee wao, na serikali imelazimika zaidi ya mara moja kulifunga bwawa ili samaki wapate kuzaana. Mahali pengine watu hutia utupa katika mito na kuua kila chenye pumzi, na pwani wengine walipiga baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, walakini sheria haina macho kila ukingoni.

Sasa fikirini jambo hili. Perege mama wa jamaa ile ya mlima, akiisha kutaga, huyachukua mayai kinywani mwake, na watoto wakiisha kuanguliwa huwalinda humo humo. Siku zile zote hula kidogo sana au hali kabisa. Mwenye ndoana akiketi karibu naye hatampata, kwa sababu kinywa chake kimejaa watoto. Lakini wavu wa matundu madogo humkokota, na sumu humwua, na kizazi kizima kikafa katika kinywa kimoja. Petro alipoagizwa kutupa ndoana, alitoa samaki mmoja, akaliacha ziwa kama lilivyokuwa.

Hatusemi kwamba wavuvi wa Nyumba ya Mungu waache nyavu zao na kuishi kwa samaki wa mti. Wana watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, na wavu wa matundu yaliyoruhusiwa ni chombo halali. Twasema hivi: yule aliyemchonga samaki wa mti kwa wiki nzima, akamtia risasi, akamjaribu na kumrekebisha, amekwisha kujua samaki hula nini, huenda wapi, huzaa lini. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumshawishi amwage sumu mtoni. Kwa hiyo twawaomba waalimu wenzetu wa useremala, wanapowapa wavulana na wasichana kazi ya mikono, wawape na hii mara moja kwa mwaka. Wawapeleke kwanza ukingoni pasipo kisu wala mti, wakae kimya saa moja na kuyatazama maji. Kisha warudi darasani wachonge kile walichokiona.